Harufu ya Papa katika Chumba cha Pili

Wadogo zangu wa chambre froide, ghala letu la baridi,

Siku mliponiaga mlinizawadia saa ya ukutani, nami sasa sina mahali popote pa kuwahi. Nawashukuru hata hivyo. Nimeitundika sebuleni hapa Katuba, na mke wangu ndiye anayeitazama, apate kujua nimekaa muda gani bila kufanya kitu.

Katika hotuba za siku ile kila mmoja wenu aliitaja karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa chumba cha pili, kwa mwandiko wangu: UKISIKIA HARUFU, TOKA. UTAULIZA UKIWA NJE. Mlisema hiyo ni hekima ya mzee Mutombo. Kisha, tulipokuwa tunagawana keki, msimamizi mpya akanisogelea na kuniambia kwa heshima kwamba anafikiria kuibandua. Papa wadogo sasa wanaingia kila mwezi, wananuka kama ilivyo kawaida yao, na kila wakinuka watu wote wanatoka nje kusimama robo saa kwa ajili ya samaki. Atakata shauri mwisho wa mwezi huu. Ninaandika haya ayasome kabla hajatafuta kisu cha kukwangulia gundi. Nanyi myasome, kwa sababu ile mliyoisifu haikuwa hekima.

Nilianza kazi nikiwa kijana, nikitokea kwenye kuuza viatu vya mitumba, na baridi ya aina ile sikuwa nimewahi kuiona. Asubuhi ya kwanza nilinawa mikono, nikaja nayo mibichi, nikashika mpini wa chuma wa mlango. Ngozi ikaganda pale pale. Nilisimama kimya kama mtu anayesubiri kufunguliwa, kwa kuwa niliona haya kusema siku ya kwanza kwamba nimekamatwa na mlango.

Aliyeniokoa ni Baba Ilunga, fundi wa mashine, mtu wa Kambove, mfupi, mwenye mabega ya kubeba gunia. Hakuuliza kitu. Alimimina chai yake ya vuguvugu juu ya vidole vyangu mpaka vikaachia, akatazama kikombe kitupu kwa huzuni, kisha ndipo akasema nami.

“Mu hii nyumba, mulango njo kintu ya kwanza,” akaniambia. “Ujue kuifungua mbele ya kujua kuifunga.”

Mimi nilidhani anazungumzia vidole vyangu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kabuti nene lililokuwa limevaliwa na mtu mkubwa kuliko mimi, buti za mpira, ndoano ya mkono ya kuvutia katoni, na chuma bapa cha kubandulia samaki walioshikana kwa barafu. Msikitumie chuma hicho kwa hasira. Tafuta mahali mkia wa mmoja unapolala juu ya tumbo la mwenzake, gonga mara moja, wataachana wenyewe.

Baba Ilunga alikuwa na kifaa ambacho sisi wengine hatukuruhusiwa kukigusa: kopo la vijiti vya salfa. Baridi yetu, alinieleza, inaletwa na amoniaki inayopita katika yale mabomba ya darini. Ikivuja inachoma macho, inachoma koo, na ikizidi inaua. Basi akishuku bomba, huwasha kijiti kimoja na kukipitisha taratibu kando yake. Mahali penye amoniaki, moshi hugeuka mweupe na mzito kama maziwa. Nilimwona akifanya hivyo kila Jumatatu, akitembea na kijiti chake kama padri na chetezo. Miaka ikapita bila moshi kugeuka, nasi tukamzoea.

Samaki wetu alikuwa tomsoni. Hakuna nyumba Lubumbashi isiyomjua, yule wa baharini anayekuja na malori toka Namibia na kuishia juu ya bukari, ugali wetu. Wengine hatukuwajua wala hatukuwatafuta. Halafu mwaka mmoja mkubwa wetu akaagiza kontena la samaki wanaoandikwa “divers” kwenye katoni, maana yake wale ambao wavuvi waliwakuta wavuni bila kuwaalika. Walikuwamo kambale wa baharini wenye miiba, samaki bapa wenye macho upande mmoja, na papa wadogo, urefu wa mkono wa mtu. Sisi tuliwaita rekini, kwa Kifaransa kilichozoea njaa yetu, kwani huku kwetu ukimwita mtu papa unamheshimu.

Siku ya tatu chumba cha pili kikaanza kunuka. Baba Ilunga aliingia, akavuta pumzi moja, akageuka. Hakukimbia, lakini sauti yake ilifika mpaka barabarani.

“Mutoke bote. Muache bintu, mutoke.”

Alizima mashine, akaziba vali, na siku nzima akapita na vijiti vyake bomba kwa bomba, na moshi haukugeuka mahali popote. Tomsoni wakaanza kulegea. Kesho yake nilifungua katoni moja ya papa, harufu ile ile ikanipiga usoni, na siri ikaisha. Amoniaki ilikuwa inatoka ndani ya samaki. Tulicheka mpaka tukaketi chini. Ni mimi niliyempa Baba Ilunga jina la Baba Mutoke, likamganda kama ngozi yangu kwenye ule mpini. Yeye alitabasamu tu, akaendelea kufuta vijiti vyake. Nakumbuka lile tabasamu vizuri zaidi kuliko ninavyopenda.

Mkubwa hakutaka kuwatupa papa wale. Alitaka mtu aende pwani kuona wanavyovuliwa na kwa nini wananuka. Akauliza ni nani asiye na mtoto mchanga nyumbani, nikainua mkono kabla sijaelewa kwamba safari ni ya wiki nzima katika lori. Nilikwenda na dereva Muteb, Mruund wa kutoka upande wa Dilolo, mtu aliyejua lugha sita na kuzitumia zote kulalamika. Tulivukia mpakani Sakania kwa sababu kwingine foleni ilikuwa imelala. Tukala barabara za Zambia, tukavuka Zambezi, kisha tukaingia katika nchi ya mchanga mtupu mpaka Walvis Bay. Huko niliiona bahari. Niliionja kwa kidole. Ni kweli ina chumvi. Maisha yangu yote nilifikiri watu wanaongeza chumvi katika habari hiyo.

Rafiki wa Muteb pale alikuwa mama mmoja wa Angola, Dona Celeste, mkata samaki kiwandani siku za kazi na mvuvi wa ufukweni siku ya Jumapili. Alizungumza Kichokwe na Muteb, naye Muteb akanigeuzia kwa Kiswahili, akiongeza malalamiko yake katikati. Dona Celeste alianza uvuvi kwa kuwaomba wavuvi wa starehe samaki waliokuwa wanawatupa mchangani: kambale na papa wadogo. Walimpa huku wakimhurumia. Baadaye akanunua fimbo yake ya kuvulia, ndefu mara mbili ya yeye, akawa anawavua wale wale tu.

Jumapili hiyo kulikuwa na ukungu na baridi ya kunifanya nilikumbuke kabuti langu. Alinifundisha kufunga kipande cha waya karibu na ndoana, maana meno ya papa hukata uzi. Chambo ni sardini aliyekatwa vipande, mwenye damu. Unarusha nyuma ya wimbi la pili, unasimama, unangoja. Kambale akija, usimguse kabla hujamvunja miiba kwa koleo, ile ya mgongoni na ile ya ubavuni, kwa kuwa ina sumu na utalia mbele za watu. Papa akija, utajua: uzi unakwenda pole pole kama mtu anayeondoka na kitu chako bila haraka.

Wangu alikuja karibu na saa sita. Nilimvuta hadi mchangani, nikamshika mkia kwa mkono mmoja na nyuma ya kichwa kwa mwingine, kama nilivyoambiwa, kwani mwili wake unajipinda mpaka mdomo unafika mkiani. Ngozi yake ilikwaruza kama msasa. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwonyesha Muteb, nikamwonyesha kila aliyepita, nikamweka katika ndoo nikaenda kuvua mwingine. Dona Celeste aliniona, akaniacha. Wa kwake alikuwa amekwisha kumkata koo na mkia papo hapo, kumning'iniza damu ishuke, kumtoa matumbo, kumsuuza kwa maji ya bahari na kumlaza juu ya barafu.

Jioni alituandalia wote wawili juu ya ubao, akanifunga macho kwa leso yake. Wa kwake hakunuka kitu, bahari tu kidogo. Wangu alinuka chumba cha pili. Akanieleza kwamba mkojo wa papa unakaa katika damu na nyama yake. Akifa bila kuchinjwa, ule mkojo unageuka amoniaki. Anayevua papa na kwenda kujisifu kwanza, amevua harufu. Mimi nikaanza kubisha kwamba wangu hakunuka sana. Yeye akacheka na kumwambia Muteb jambo, naye Muteb akanigeuzia kwamba mama anasema usibishane na pua yako, una moja tu.

Nilirudi nyumbani nimekuwa profesa. Mkubwa akaandikiana na wauzaji, papa wakaanza kuletwa wamechinjwa na kukatwa vichwa. Si wote, kwa sababu mvuvi mvivu yuko katika kila bahari, na hata leo katoni moja kati ya nyingi inanuka. Hao mnawajua: mnawalaza katika maji ya chumvi na ndimu, mnamwaga, mnarudia. Mke wangu, Mama Odia, ndiye aliyempika wa kwanza Katuba. Alimchuna ngozi, akamkata vipande, akamkaanga kidogo, kisha akamrudisha juu ya mbabula, jiko letu la makaa, pamoja na nyanya, kitunguu na pilipili. Majirani waligundua kwamba hana mifupa ya kumkaba mtoto, na habari ikatembea yenyewe. Kambale wa baharini naye akapata wateja wake.

Mimi nikaitwa mukubwa wa rekini. Kila aliyeingia kazini nilimfundisha kwamba harufu ile ni ya samaki, si ya mashine, na kwamba mtu wa kazi hakimbii samaki. Nilipofundisha, nilizoea kumtupia jicho Baba Ilunga, watu wapate kucheka.

Sasa nifike nilipokuwa sitaki kufika.

Kalenga mnamjua. Ndiye mlinzi wa geti anayezungumza kwa sauti ya chini hadi mnainama kumsikia. Wengine mnamwiga. Wakati ule alikuwa mpangaji wa katoni katika chumba cha pili, kijana mwenye sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia yake, na akiwa kazini aliimba nyuma ya lile pazia la plastiki la mlangoni mpaka tukaisahau redio.

Ilikuwa asubuhi, na papa walikuwa wameingia siku mbili kabla. Nilikuwa mezani mbele ya mlango, nikichuna. Harufu ikaja. Kalenga akaacha kuimba, akatokeza kichwa kati ya mapazia, macho yanamtoka machozi.

“Mukubwa, leo iko nanuka mubaya. Tutoke?”

“Njo barekini,” nikamjibu, yaani ni papa tu. “Uzoee. Rudia mu kazi.”

Akarudi.

Niseme yote sasa. Macho yangu mimi pia yalikuwa yanachoma. Papa anayenuka anakupiga puani ukimkaribia. Hakuchomi macho ukiwa hatua kumi. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Dalili ya mvua ni mawingu, nami nilikuwa nimesimama chini ya wingu lenyewe. Lakini nilikuwa mukubwa wa rekini. Nilijiona nikitoka nje mbio, nikamwona kila mtu akicheka, nikasikia wakinipa jina. Nikaendelea kuchuna. Sijui ilikuwa muda gani. Papa wawili, labda watatu.

Baba Ilunga alitokea chumba cha mashine tayari amevaa kinyago. Hakuniambia niondoke, alinisukuma. Akaingia ndani ya pazia, akatoka na Kalenga begani kama gunia, akamlaza uani, akarudi kufunga vali. Ilikuwa imepasuka, darini, juu kabisa ya zile katoni za papa. Sisi wengine tulimmwagia Kalenga maji usoni na kuyaosha macho yake. Alikuwa anafungua mdomo na hakuna kinachotoka.

Alilala hospitalini majuma mengi. Macho yalipona. Sauti ilirudi kiasi kile mnachokisikia. Pua haikurudi. Hasikii harufu ya chakula, ya mvua, wala ya moto.

Tulipoitwa ofisini, mkubwa aliuliza kwa nini hakuna aliyewatoa watu. Nilikuwa nimeandaa maneno. Kabla sijayatafuta, Baba Ilunga akajibu kwamba mashine ni yake, vali ni yake, na aliyetakiwa kusema mutoke ni yeye. Alikuwa anasema kweli kama anavyoijua, kwa kuwa Kalenga alikuwa bado hana sauti, na mimi nilikaa kimya. Mkubwa akamwambia apumzike. Alirudi Kambove bila kuku, bila keki, bila saa ya ukutani. Aliniachia lile kopo la vijiti. Nilijiambia nitakwenda kumwona, nimweleze. Kutoka hapa hadi Kambove si safari, nami nimewahi kwenda hadi Walvis Bay kwa ajili ya samaki. Miaka miwili baadaye wakaleta habari ya msiba wake. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na wangu anaishi nami nyumba moja.

Siku aliyoondoka ndiyo niliyoandika karatasi. Maneno si yangu, ni yake, nimeyarefusha tu. Tangu siku hiyo, harufu ikija, mimi nilikuwa wa kwanza nje. Mmeniona, mzee mzima na kisu mkononi, nikikimbia. Mlifikiri ni mfano mwema. Ilikuwa hofu, na bado ni hofu.

Mliponisifu kwa karatasi ile siku ya kuagana, Kalenga alikuwa ameketi karibu na mlango na chupa ya Fanta. Alipiga makofi pamoja nanyi. Sikuweza kumaliza keki. Jioni nikamfuata getini, nikamuuliza swali nililolibeba miaka yote hii: sauti yake iliporudi, kwa nini hakumwambia mkubwa kwamba aliniuliza na mimi nikamrudisha ndani.

Kalenga alifunga kwanza geti, akaketi. Nikainama kumsikia.

“Ningesema, bangekufukuza,” alisema. “Bangeweka mwingine mwenye hapana kuogopa. Mi nilitaka pale ku mulango kubakie muntu mwenye anaogopa.”

Nikamwambia kwamba sasa ninaondoka, na kwamba naona haya mbele yake kila siku ya Mungu. Alitikisa kichwa. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

“Basi uandike,” akasema. “Uandike na jina ya Baba Ilunga.”

Nimeandika. Bwana msimamizi, ukibandua karatasi, bandua. Hiyo ni karatasi tu, na robo saa ni robo saa. Lakini jua kwamba mara tisini na tisa itakuwa samaki, na mara moja haitakuwa, na siku hiyo atakayekuwa anajua sana ndiye atakayewarudisha wenzake ndani. Nanyi wadogo zangu, msiogope kuchekwa kwa ajili ya papa. Baba Ilunga alichekwa, na ndiye aliyeingia.

Jambo moja zaidi, kisha niiachie saa yenu ipige. Mnapotoka nje na kumkuta Kalenga amesimama getini akiwatazama, mnafikiri anawahesabu, nanyi mnamwiga anavyonong'ona. Hahesabu. Banda lake limeegemea ukuta wa chumba cha pili, na yeye hasikii harufu yoyote. Anautazama mlango kutwa nzima, kwa sababu hana njia nyingine ya kujua isipokuwa kuwaona ninyi mnatoka.